Mayai 48 vifaranga 9: kutotolesha nyumbani hapa Dodoma, njooni tupeane uzoefu

Jogoo la Ilazo (mleta uzi)

Wakuu habari zenu, na kwa wenyeji mbukwenyi.

Nimekuwa msomaji tu humu muda mrefu ila leo naleta uzi maana naona kila siku watu wananunua mashine za kutotoleshea halafu wanaishia kuziuza nusu bei kwenye magrupu, na mimi nilibaki kidogo tu niiuze ya kwangu.

Mwaka jana mwezi wa tisa nilinunua mashine ndogo ya mayai 48, ile inayogeuza yenyewe. Muuzaji yuko Dar, akaipakia kwenye basi pamoja na karatasi ya maelekezo, weka maji kwenye vile vijaluba, ongeza kila baada ya siku 3, siku ya 21 pokea vifaranga. Basi nikakusanya mayai ya kienyeji kwa majirani, mengine nikayafuata Nzuguni, yai 500, nikapanga. Siku ya 7 nikapiga tochi nikatoa 6 hayana mbegu, 42 yana mishipa safi kabisa kama utando wa buibui. Hapo nshaanza kupiga hesabu za banda na nani nitamuuzia. Siku ya 21 wakatoka 9. Tisa wakuu.

Nikasubiri mpaka siku ya 23, kimya. Nikaanza kupasua yaliyobaki moja moja (wife aligoma kabisa kukaa karibu) na kilichoniuma ni kwamba karibu yote yana kifaranga kamili, manyoya anayo, kucha anazo, wengine walishatoboa kile kitundu cha kwanza wakafia hapo hapo na mdomo nje. Na ile ngozi nyeupe ya ndani ya ganda imekauka imemganda mwilini kama nailoni. Nikampigia muuzaji, akaniambia mayai yalikuwa mabovu. Yai bovu linafikaje siku ya 20 likiwa na manyoya?

Ilinichukua miezi kuelewa kwamba mayai hayakuwa na shida, joto halikuwa na shida, hewa ya Dodoma ndo ilinikaushia vifaranga wangu. Ile karatasi iliandikwa na mtu anayeishi pwani ambako hata ukiacha chumvi mezani inalowa yenyewe. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili basi, na mwezi wa tisa unajua mwenyewe midomo inavyopasuka. Yai lina vitundu vidogo vidogo, linapoteza maji kila siku, na linatakiwa lipoteze ila kwa kiasi, mpaka siku ya 18 liwe limepungua uzito kama asilimia 12 au 13. La kwangu lilikuwa linapoteza kupita kiasi, na siku ya kutoka kifaranga anakuta ngozi ngumu, hawezi kuzunguka akate ganda.

Sasa hivi nafanya hivi. Nina kamzani ka jikoni. Napima trei nzima siku naweka mayai, tuseme 30 yana gramu 1,350, basi siku ya 18 nategemea nikute kama 1,180. Napima siku ya 6, siku ya 12, nikiona yanashuka haraka naongeza maji, yakigoma kushuka napunguza. Unyevu wa siku 18 za kwanza naukimbiza kwenye asilimia 45 hadi 55, tatu za mwisho 65 hadi 70. Halafu kitu ambacho hakuna aliyeniambia, kina cha maji hakisaidii, kinachosaidia ni upana. Ukijaza kopo refu mpaka juu unyevu haupandi, ukiweka sinia pana lenye maji kidogo na kitambaa cha taulo kinachoning'inia humo unapanda ndani ya nusu saa. Na maji yetu haya ya visima yanaacha chokaa nyeupe, hicho kitambaa kikishakuwa kigumu hakinyonyi tena, kibadilishe.

Batch ya pili niliweka mwezi wa sita mwaka huu. Mayai 42, wakatoka 31, nikasema nimemaliza chuo. Wiki ya kwanza tu, usiku mmoja wa Julai ule upepo unajua, taa ya kwenye bruda (pale pa kulelea vifaranga kwa joto) ikaungua saa nane usiku mimi nimelala. Asubuhi nakuta 11 wamerundikana kona moja wamekufa kwa kubanana. Halafu wakafika wiki ya nne wakaanza kuhara damu wakaondoka wengine 6. Kwa hiyo 31 wakabaki 14, hata heri wangefia kwenye mayai nisingenunua chakula.

Leo batch ya tatu iko siku ya 17, mayai 36, baada ya kupiga tochi yamebaki 31. Nitaleta mrejesho hapa hapa. Wenye uzoefu shusheni nondo hasa kwenye kuwalea, maana kutotoa naona nimeanza kukielewa.

mama_wawili_Nkuhungu

Pole sana kaka. Mimi mashine yangu ilinifanyia hivo hivo wala sikujua. Nikashauriwa niyazibe na gundi ya karatasi yale matundu ya hewa ya juu ili unyevu usitoke, na kweli unyevu ulipanda ukafika 70 ila nikapata vifaranga 4 tu kati ya 40. Sasa sijui niliziba vibaya au ndo mkosi wangu.

Fundi Redio

Dada usizibe. Kifaranga anapumua. Siku za kwanza anahitaji hewa kidogo ila kuanzia siku ya 18 anahitaji nyingi sana, ukimzibia unamuua mwenyewe kwa mkono wako. Unyevu uongeze kwa maji, matundu yaache wazi.

Mi natengeneza hizi mashine kwa maboksi yale meupe ya samaki na zingine kwa friji bovu, kwa hiyo nimeshaona mengi. La kwanza, msiamini kipima joto kilichokuja na mashine, nimewahi kukuta kimoja kinadanganya nyuzi 2 nzima. Chukua kile cha hospitali cha kuweka kwapani, kiingize humo pamoja na cha mashine, linganisha. Mashine yenye feni inatakiwa isome 37.5 hadi 37.8, isiyo na feni ni 38.3 hadi 39 ukipimia usawa wa juu ya mayai maana huko joto linakaa juu, chini pamepoa. Na kipima unyevu nacho kinajaribiwa, weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, ilowanishe kidogo iwe kama uji mzito, fungia kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na kipimo, kesho yake kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 68 ujue kinakuibia 7.

La pili, umeme. Ukikatika watu wanakimbilia kufungua mashine wachungulie. Usifungue! Funika blanketi, kama unachelewa kurudi weka chupa za maji ya moto pembeni. Yai linavumilia kupoa masaa kadhaa, litachelewa tu kutoka, lakini halivumilii kuungua, likikaa kwenye 40 na kitu umemaliza kazi.

La tatu mleta uzi, hiyo taa yako ilikuwa moja? Kosa. Weka mbili kila moja na soketi yake, ikiungua moja nyingine inabaki. Na watu wa siku hizi wananunua hizi balbu za LED wanaweka kwenye bruda eti mwanga upo, mwanga upo ndio ila joto hamna, ni sawa na kuwawashia vifaranga televisheni.

Jogoo la Ilazo

😂😂 fundi umenipiga mwenyewe bila kujua, ile moja ilipoungua nilikimbia dukani nikarudi na LED. Nimeshabadilisha, sasa hivi nina mbili za kizamani za wati 60 na chungu cha mkaa nimekiweka standby.

Fundi Redio

Chungu cha mkaa angalia mzee. Uwashie nje mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu kabisa ndo uingize, na chumba kiwe na upenyo. Hewa ya mkaa haina harufu, inaua vifaranga na wewe mwenyewe uliyelala chumba cha pili.

Kijana wa Bahi

Sasa mnahangaika na mizani na chumvi za mezani wakati kuku yupo 😀 huku kwetu tetea akianza kuatamia unamuwekea mayai 12 au 13, unamwekea maji na punje karibu, siku 21 unakuta anatembea nao. Hajui asilimia 65 ni nini.

mama_wawili_Nkuhungu

Ni kweli ila tetea mmoja mayai 13, ukitaka 50 kwa pamoja unampata wapi, halafu kuku akishaanza kulea miezi hatagi.

Kijana wa Bahi

Hapo mama umeongea. Ila ngoja niwape mbinu ya bibi yangu, yeye alikuwa akiona tetea wawili wanaatamia wakati mmoja anawaacha watotoe wote, siku ya kutoka usiku wa giza anakusanya vifaranga wote anampa mmoja, yule mwingine anamnyang'anya anamlowesha miguu anarudi kutaga. Wewe mwenye mashine fanya hivohivo, toa vifaranga kwenye mashine wasubirishe wakauke, usiku mpenyezee chini tetea anayeatamia au mwenye vifaranga wa umri huohuo, asubuhi ataamka anajua ni wake wote. Joto bure, ulinzi wa mwewe bure, hakuna taa ya kuungua. Mchana usijaribu, atawadonoa. Na kabla ya kumpa kiota kikague utitiri, weka majivu, tetea akisumbuliwa na utitiri anaacha mayai siku ya 15 anaondoka zake.

zee la singida

Nyie wa Dodoma mnatotoa mayai gani? Kama mnachukua mayai ya chotara, Kuroiler au Sasso mkatotoa wenyewe mkitegemea watoto wafanane na wazazi mtalia. Yule chotara ametengenezwa kwa kuchanganya, ukizalisha chotara kwa chotara watoto wanatawanyika, mmoja mkubwa mwingine kama kunguru. Chukueni kuku wa Singida, kienyeji chenyewe, jogoo mmoja kwa matetea 8 hadi 10, mbegu inakuwa ya uhakika.

Na yai la kutotolesha lisizidi siku 7 tangu litagwe, likifika 10 tayari linachoka. Usilioshe, ukioshwa ule ute wa juu vijidudu vinapenya. Hifadhi sehemu ya ubaridi, ncha nyembamba iangalie chini, sio juu ya friji ambako kuna moto wala chini ya bati mchana wa Oktoba.

kuku_dawa_asili

Kwa upande wa magonjwa msihangaike na maduka, chemsha mwarobaini na shubiri, weka kitunguu swaumu kwenye maji, kideri hakigusi banda lako. Mimi miaka 3 sijachanja.

Bwana Mifugo wa Kata

Mkuu hapo juu, miaka 3 kideri hakijapita mtaani kwako, subiri kipite. Mimi ni afisa ugani, nimeitwa kwenye mabanda mengi watu wamejaza ndoo za mwarobaini na kuku wote wamelala shingo zimepinda. Kideri ni kirusi, hakina dawa, ya dukani hakuna na ya porini hakuna. Kuna chanjo tu na lazima itangulie ugonjwa. Kitunguu swaumu wape kama mnapenda, hakina ubaya, ila kisichukue nafasi ya chanjo.

Ratiba ambayo mfugaji wa nyumbani anaiweza ni hii na muiandike ukutani kwa tarehe, sio kichwani. Siku ya 7 kideri, tone moja kwenye jicho. Siku ya 14 gumboro kwenye maji. Siku ya 21 kideri tena, siku ya 28 gumboro tena. Ndui kati ya wiki ya 6 na 8, inachomwa kwenye utando wa bawa. Baada ya hapo kideri kila miezi mitatu maisha yake yote. Gumboro watu wanaidharau, lakini ndo inayobomoa kinga ya kifaranga kuanzia wiki ya 3 hadi ya 6 na kila kinachopita baada ya hapo kinaua.

Kwa kideri ombeni ile ya I-2, inatengenezwa hapahapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, inavumilia joto kuliko zile nyingine, ingawa kuvumilia joto sio ruhusa ya kuitembeza juani kwenye mfuko wa shati kutoka Majengo hadi Mkonze. Tatizo la wafugaji wadogo ni kwamba kichupa kina dozi nyingi na wewe una vifaranga 20, ndo mnaanza kukwepa. Ongeeni majirani, mkubaliane siku, mchangie kichupa kimoja, mchanje mtaa mzima asubuhi moja. Hiyo ndo kinga kamili kwa sababu kuku wa jirani ndo anayekuletea.

Ile ya kwenye maji, maji ya bomba yenye dawa ya klorini yanaua chanjo. Tumia maji yasiyo na dawa au changanya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 na nusu kwa lita. Wanyime maji saa moja au mbili kwanza wawe na kiu, na chanjo ikishachanganywa iishe ndani ya masaa mawili. Kifaranga anayeumwa usimchanje, mtibu kwanza.

Mleta uzi, wako waliohara damu kwenye wiki ya nne ile ni koksidiosisi. Inatokana na matandiko kulowa, mara nyingi kuzunguka chombo cha maji. Dawa ipo, muulize mtaalamu wa duka la mifugo ile yenye amproliamu, kwenye maji siku 5 hadi 7. Ila ukishaitibu na matandiko bado yamelowa inarudi.

Jogoo la Ilazo

Asante sana bwana mifugo. Ni kweli kabisa, chombo cha maji kilikuwa chini sawa na miguu yao wanakipindua kila saa, nilikuwa nafagia juu juu tu. Halafu nilitandika vumbi la mbao lile laini la kiwandani, nikawa naona wanalidonoa.

Kijana wa Bahi

Vumbi la mbao wanakula linajaa tumboni wanakufa na njaa huku tumbo limejaa. Tandika maranda au pumba za mpunga, njoo Bahi mashineni zipo hadi zinachomwa moto. Gazeti tupu nalo usitandike, miguu inateleza inaachana upande na upande, kifaranga anabaki kachuchumaa kama chura.

dada wa pumba

Niongezee la chakula maana mi nachanganya na kuuza. Huku kwetu mashudu ya alizeti ni mengi na bei nzuri, kwa hiyo mtu anachukua pumba ya mahindi na mashudu anawapa vifaranga wa siku 3. Mashudu yetu yale yenye maganda yana nyuzinyuzi nyingi, kifaranga hawezi, muwekee akishakuwa mkubwa. Wiki 4 za kwanza mpe chakula cha vifaranga cha kununua chenye protini asilimia 18 hadi 20, jibane hapo ndo ubahili uanze mbele.

Na pumba iliyoota ukungu au yenye harufu ya uvundo tupa. Sio kwamba kuku anakula kila kitu. Mnakumbuka 2016 huku Chemba na Kondoa watu waliumwa na wengine wakafa kwa sumukuvu kwenye mahindi, sasa kama imeua mtu mzima, kifaranga wa gramu 40?

Jogoo la Ilazo

MREJESHO. Siku ya 21 leo saa tano usiku. Wameshatoka 24 wengine wawili wametoboa. Tangu siku ya 18 nimesimamisha kugeuza na sijafungua mlango hata mara moja, maji naongeza kwa bomba la sindano kupitia kitundu. Unyevu 68. Siamini macho yangu.

mama_wawili_Nkuhungu

Hongera jamani 🎉 hao wawili kama wamekwama wasaidie kumenya.

Fundi Redio

Usimenye! Kutoboa mpaka kutoka inachukua hata masaa 18 hadi 24, wakati huo anavuta damu iliyoko kwenye ile ngozi na kiini cha yai kinaingia tumboni. Ukimmenya mapema anatoka damu na kitovu kiko wazi, kesho kitovu kinaoza. Na ukifungua kwa ajili ya mmoja unawakausha wenzake wote.

Jogoo la Ilazo

Nimejikaza sikufungua. Mmoja katoka asubuhi mwenyewe, mwingine kafa. Jumla 25 kati ya 31.

Waliokwishakauka nimewatoa mchana, sikukimbilia kuwalisha maana kile kiini kinawatosha siku 2 hivi, nimewaanzishia maji ya vuguvugu yenye glukosi na vitamini, nikawachovya midomo mmoja mmoja wajue maji yako wapi, chakula baada ya masaa matatu. Kwenye chombo cha maji nimeweka kokoto wasizame. Bruda nimeizungushia kadibodi duara isiwe na kona ya kurundikana, chini ya taa nyuzi 33 hivi, nitashusha 3 kila wiki. Ila bwana kipimo kizuri ni wenyewe, wakibanana chini ya taa wanalia wana baridi, wakikimbilia ukutani wanahema midomo wazi wamepata joto, wakitawanyika kama wamemwagwa basi kalale.

Jogoo la Ilazo

Samahani kwa kupotea. Leo siku ya 15 tangu watoke. Wako 23. Mmoja alikufa siku ya 3, kinyesi kilimganda nyuma kikaziba njia nikachelewa kuona, tangu hapo kila asubuhi nawageuza wote nakagua na kuwasafisha kwa pamba ya maji ya vuguvugu. Mwingine alichukuliwa na panya, nimeziba kwa wavu.

Siku ya 7 tulichanja kideri, tulikuwa nyumba 5 kichupa kimoja, jirani yangu mzee mmoja alileta majogoo yake 3 makubwa kuliko mbwa na hakuna aliyetaka kuyashika. Jana gumboro imepita. Usiku naamka saa nane mara moja kuangalia taa, wife anasema nimeoa kuku.

Trei ya nne naweka Jumamosi. Kijana wa Bahi nicheki inbox kuhusu hizo pumba za mpunga, nahitaji viroba 4, na kama unamfahamu mwenye gari linalokuja Dodoma mjini siku za gulio uniunganishe.